Nani Anaruhusiwa Kuimba? Kwaya ya Tanzia ya Kigiriki Ikisomwa Dzaleka

Vitabu vingi vinavyoeleza tanzia ya Kigiriki huanza na orodha ya kanuni. Waigizaji ni watatu tu, na wote wanaume. Wanavaa barakoa. Kwaya inaimba na kucheza katikati ya uwanja. Mauaji hayaoneshwi mbele ya watu, bali mjumbe anakuja kuyasimulia. Mwanafunzi hukariri orodha hiyo, huijibu kwenye mtihani, kisha huisahau. Katika insha hii nataka kuishika kanuni moja ambayo hupewa mstari mmoja au haitajwi kabisa: katika sikukuu kubwa ya Dionysus mjini Athens, mgeni hakuruhusiwa kuimba katika kwaya. Nitaisoma pamoja na tamthilia ya Aeschylus inayohusu wakimbizi, tena nitaisoma kutoka mahali ninapoishi, yaani kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kilomita kama 45 kutoka Lilongwe.

Neno lenyewe kwanza. Kwaya tunayoijua ni ya kanisani, na hapa kambini ziko nyingi, za Kiswahili, za Kinyarwanda na za Kirundi, kila moja na sare yake. Jina hilo limetufikia kupitia lugha za Ulaya, lakini asili yake ni neno la Kigiriki khoros, lililokuwa na maana ya watu wanaocheza ngoma huku wakiimba. Kwa hiyo msomaji anayefikiri kwaya ya Kigiriki ilikuwa kundi la watu waliosimama pembeni wakitoa maoni, aondoe picha hiyo. Ilikuwa ngoma. Hata orkestra, ambalo siku hizi ni jina la bendi, lilikuwa jina la uwanja wa kuchezea.

Sikukuu hiyo, Dionysia Kuu, ilifanyika kila mwaka kati ya Machi na Aprili, bahari ilipoanza kupitika baada ya majira ya baridi. Watunzi watatu wa tanzia walishindana, kila mmoja na tanzia tatu na mchezo mmoja wa kuchekesha wa masatiri. Mtunzi hakuomba jukwaa wala fedha. Aliomba kwaya. Afisa wa mji aliyeitwa arkoni akimkubalia, mwananchi tajiri aliteuliwa kugharamia mafunzo na mavazi ya waimbaji. Mtu huyo aliitwa koregosi. Kwaya ya tanzia ilikuwa na watu 12, baadaye 15, na inasemekana Sophocles ndiye aliyeongeza hao watatu. Zaidi ya tanzia, kila moja ya makabila 10 ya mji ilileta kwaya ya wanaume 50 na nyingine ya wavulana 50 kuimba nyimbo za dithirambo. Hesabu hiyo peke yake ni watu 1,000. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya watazamaji walikuwa ama wamewahi kucheza katika uwanja ule, ama wana ndugu, mtoto au jirani anayecheza siku hiyo. Nadhani hapa ndipo ilipo sababu ya kanuni ninayoizungumzia. Kwaya haikuwa ajira. Ilikuwa mji ukijicheza wenyewe mbele ya mungu wake.

Kanuni hiyo ilikuwa sheria kamili. Hotuba ya Demosthenes dhidi ya Meidias inaonesha kwamba koregosi mpinzani angeweza kumpinga mwimbaji akidai si raia. Plutarch naye, aliyeandika karne kadhaa baadaye, anasimulia kuhusu mwanasiasa Demades wa karne ya 4 KK. Faini ya kumwingiza mgeni katika kwaya ilikuwa drakma 1,000 kwa kila mgeni. Demades akaleta kwaya ya watu 100, wote wageni, na akaja ukumbini na faini yao yote. Ni drakma 100,000, wakati ambapo fundi stadi alipata kama drakma mbili na nusu kwa siku. Huenda Plutarch ametia chumvi, lakini kisa hiki hakiwezi kueleweka, wala hakiwezi kumchekesha mtu, kama sheria yenyewe haikuwepo.

Cha ajabu ni mahali mpaka ulipowekwa. Mtunzi mgeni alikubaliwa: Ion alitoka Chios, Achaeus alitoka Eretria, na wote wawili walishindana Athens. Mtazamaji mgeni naye alikubaliwa, hata akatamaniwa, kwa sababu katika sikukuu hiyo Athens ilionesha ukumbini kodi zilizoletwa na miji iliyo chini yake, na ilitaka zionekane. Mgeni aliweza kuiandika tanzia na aliweza kuitazama. Kusimama ndani ya kwaya, hapana.

Wageni wengi hawakuwa wapita njia. Walikuwa wametoiko, yaani wageni wakazi, baadhi yao wakiishi Athens kizazi hadi kizazi. Metoiko mwanamume alilipa kodi ya drakma 12 kwa mwaka, na mwanamke anayejitegemea 6. Alihitaji raia wa kumdhamini. Hakumiliki ardhi wala nyumba, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Alipigana vita vya mji. Katika sikukuu ndogo ya Lenaia, iliyofanyika wakati wa baridi meli zikiwa hazisafiri, metoiko aliruhusiwa kuimba na hata kuwa koregosi. Yaani aliruhusiwa pale ambapo watu wa nje hawaoni. Katika mchezo wa Aristophanes wa mwaka 425 KK, ulioigizwa Lenaia, mhusika mmoja anafurahi kwamba leo ni wenyeji watupu, nafaka iliyopetwa, na kuhusu wametoiko anasema wao ni pumba za raia. Wasomi wamebishana kama hilo ni tusi au ni sifa, kwa kuwa pumba ni sehemu ya unga. Kwa sisi tunaokula nsima kila siku mjadala huo ni rahisi kidogo. Hapa Malawi pumba za mahindi huitwa madeya. Hazitupwi, zina bei yake, na katika mwezi wa njaa watu huzila. Lakini hakuna anayemwandalia mgeni wa heshima nsima ya madeya.

Sasa tuingie katika tamthilia yenyewe. Nitaiita Waomba Hifadhi. Aeschylus aliitoa karibu mwaka 463 KK. Kwa muda mrefu wasomi waliamini ni tanzia ya kale kuliko zote zilizobaki, kwa sababu ndani yake mhusika mkuu ni kwaya yenyewe. Kisha kipande cha mafunjo kilichochapishwa mwaka 1952 kikaonesha kwamba ilishindana na kazi ya Sophocles, hivyo haiwezi kuwa ya zamani kiasi hicho. Kwaya ni mabinti wa Danaus, ambao kwa hadithi ni 50. Wamekimbia kutoka Misri pamoja na baba yao, wakiwakwepa binamu zao wanaotaka kuwaoa kwa nguvu. Wanafika Argos, wanaketi kwenye madhabahu wakiwa na matawi yaliyofungwa sufu nyeupe, ambayo ni ishara ya mtu anayeomba hifadhi, na wanasubiri.

Kabla mfalme hajafika, baba anawafundisha namna ya kusema. Waeleze wazi kwamba kukimbia kwao hakuna damu mikononi. Wasiwe na ujasiri usoni. Wasiwe wepesi wa kujibu wala wasikokote maneno, kwa maana watu wa hapa huchukia upesi. Wakumbuke kwamba wao ni wahitaji na wageni. Nilipofika sehemu hiyo mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini kwa muda. Sijui familia hapa Dzaleka ambayo usiku wa kuamkia usaili haikukaa chini na kufanya hivyo hivyo, baba au mama akiwapanga watoto: wewe utaulizwa tarehe, wewe nyamaza mpaka uulizwe, usicheke.

Kisha mfalme Pelasgus anakuja, na hapa kanuni nyingine ya tanzia inafanya kazi yake, ile ya mazungumzo ya mstari kwa mstari, ambapo mmoja anasema mstari mmoja na mwingine anajibu kwa mstari mmoja. Vitabu vinasema kanuni hiyo huongeza kasi. Ni kweli, lakini hapa ni usaili. Mabinti wanadai asili yao ni Argos, kupitia bibi yao wa zamani aitwaye Io. Mfalme haamini. Anawaambia wanafanana zaidi na wanawake wa Libya au wa mto Nile. Wanaanza kusimulia habari za Io kipande kwa kipande, kila mstari ukiwa ushahidi mmoja, mpaka mfalme anaona hadithi yao inalingana na anayoijua. Halafu anasita. Anasema hawezi kuamua bila wananchi, kwa sababu mambo yakiharibika watamwambia amewaheshimu wageni akauangamiza mji. Mabinti wanamjibu kwa tishio: watajinyonga kwa mishipi yao kwenye sanamu za miungu. Mfalme anapeleka shauri mjini, watu wanapiga kura kwa kuinua mikono, na Danaus anarudi na habari kwamba wote wamekubali. Watakaa Argos kama wametoiko, huru, na raia atakayeshindwa kuwatetea atapoteza haki zake na kufukuzwa nchini. Mwishoni wanapewa hata makazi ndani ya mji, bila kulipa pango, wachague kukaa pamoja na wengi au peke yao.

Ni tamthilia nzuri kwa mkimbizi kuisoma, na ndiyo maana hutajwa mara kwa mara Ulaya panapozungumzwa habari za hifadhi. Lakini turudi kwenye ile sheria ya kwaya. Wale mabinti weusi kutoka Misri, siku ile ya mwaka 463, walikuwa nani? Walikuwa vijana wa Kiathene, raia wanaume, kumi na mbili kwa uwezekano mkubwa, wamevaa barakoa na mavazi ya kigeni. Mwanamke halisi kutoka Misri aliyekuwa akiishi bandarini Piraeus na kulipa drakma zake 6 hakuweza kuwa miongoni mwao. Wala mwanawe. Kama mwanawe angeingia, koregosi angetozwa faini.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaoisoma tamthilia hii kama sauti ya wakimbizi. Sauti ya wakimbizi haikuwepo pale. Kulikuwa na mji uliojifunza kuiiga sauti hiyo, kwa uzuri wa hali ya juu, na uliowazuia kwa sheria wenye sauti kuitoa wenyewe.

Msomaji wa Malawi anaweza kunijibu kwamba hili si jambo geni wala si la Wagiriki peke yao. Hapa Dowa, kama ilivyo Lilongwe na wilaya nyingine za Wachewa, kuna Gule Wamkulu, ngoma kuu ya chama cha Nyau, ambayo UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa dunia usioshikika mwaka 2005. Huchezwa kwenye mazishi, jando na kusimikwa kwa machifu. Wachezaji ni wanaume waliopitia unyago wa chama hicho, na wanawake huimba na kupiga makofi. Ndani yake kuna kinyago chekundu kiitwacho Simoni, kinachomwiga Mzungu, na kingine kiitwacho Maria, ambaye ni mwanamke lakini huchezwa na mwanamume. Asiyeingizwa katika chama hawezi kukivaa kinyago. Aliyemuona Simoni akitembea kwa maringo yake anaelewa barakoa ya Kigiriki kuliko aliyesoma kurasa ishirini. Nami nakubali hoja hiyo kwa sehemu. Jamii ina haki ya kuwa na ngoma yake. Tofauti ni kwamba Gule Wamkulu haidai kumsemea Mzungu. Inamcheka, na kwa kumcheka inawafundisha watu wake. Aeschylus alidai zaidi ya hapo. Aliwataka watazamaji walie na wageni.

Hoja nyingine dhidi yangu ni nzito zaidi, na ilitolewa na mhadhiri wetu. Kijana wa Kiathene aliyeimba kama binti wa Danaus alifanya mazoezi kwa miezi. Alijifunza kwa mwili wake, si kwa kichwa tu, namna ya kuketi madhabahuni akiogopa kukokotwa. Je, huo si mtaala mzuri wa uraia? Mwaka 472 KK Aeschylus aliwahi kuwavika raia barakoa za wazee wa Uajemi wakiomboleza, miaka minane tu baada ya vita vya Salamis, na aliyegharamia kwaya hiyo alikuwa Pericles, akiwa bado kijana. Kuvaa uso wa adui ni jambo kubwa. Nakubali. Lakini angalia pia uchungu gani ulikatazwa. Miletus, mji uliokuwa rafiki wa Athens, ulipoangushwa na Waajemi mwaka 494 KK, mtunzi Phrynichus aliuandikia tanzia. Herodotus anasema ukumbi mzima ulilia, na Phrynichus akatozwa drakma 1,000 kwa kuwakumbusha watu msiba wao wenyewe, tena ikaamriwa tamthilia ile isichezwe tena. Kiasi kilekile cha faini ya mgeni katika kwaya. Sidai kwamba sheria hizo mbili zilitungwa pamoja. Nasema tu kwamba mji huo uliupokea uchungu uliokopwa, na uchungu uliokaa karibu mno uliutoza.

Dzaleka yenyewe ina historia inayofaa kukumbukwa katika mjadala huu. Kabla ya 1994, ilipofunguliwa kwa ajili ya watu waliokimbia Burundi, Rwanda na Kongo, palikuwa gereza, na miongoni mwa wafungwa wake walikuwa wapinzani wa Rais Kamuzu Banda. Banda huyohuyo alikipenda Kigiriki. Mwaka 1981 alifungua Kamuzu Academy huko Kasungu, kaskazini zaidi mwa Lilongwe, shule ambayo watoto walifundishwa Kilatini na Kigiriki cha kale. Na tangu 1968 nchi ilikuwa na sheria ya udhibiti iliyotaka maandiko ya michezo yapitiwe kabla ya kuigizwa. Sophocles darasani, gereza Dzaleka. Siku hizi mahali palipopangiwa watu kati ya 10,000 na 12,000 panaishi zaidi ya 50,000.

Mwaka 2014 Trésor Nzengu Mpauni, mshairi na mwanamuziki Mkongo anayejulikana kama Menes la Plume, alianzisha hapa Tamasha la Tumaini. Kiingilio ni bure. Kuna muziki, ngoma, mashairi na maigizo, na watu hutoka Lilongwe na hata nje ya nchi. Wengine hulala katika nyumba za wakimbizi. Ukilipima kwa sheria ya Athens, tamasha hili limepinduliwa juu chini: wageni ndio wako katika kwaya pamoja na wasanii wenyeji, na raia ndio wanaosafiri kuja kutazama. Ningependa kuishia hapo kwa furaha, lakini kuna upande wa pili. Malawi ilijiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ikitangaza kwamba haitafungwa kikamilifu na baadhi ya vifungu, vikiwemo vya ajira na vya uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali ilitekeleza agizo la kuwarudisha Dzaleka wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini. Mama yangu, aliyekuwa akiuza vitenge Lilongwe, ni mmoja wa waliorudi. Athens ilimpa metoiko nyumba ya kupanga na soko la kuuzia, ikamnyima kwaya. Sisi tunayo kwaya. Nikiulizwa kipi kina thamani zaidi, najua mama angejibu nini, na mimi sina jibu lililo tofauti na lake, ingawa nimeandika kurasa zote hizi kuhusu kwaya.

Darasa letu lilisoma Waomba Hifadhi kwa sauti uani, tukiitafsiri kwa Kiswahili kadiri tulivyokwenda. Mabinti walisomwa na wasichana, wawili wao kutoka Bukavu. Mfalme tulimpa mwanafunzi Mmalawi wa kijiji cha jirani, akasoma kwa Kichewa. Alisoma vizuri hadi pale Pelasgus anapoogopa lawama za wananchi wake. Hapo akasimama na kusema, "Jamani, huyu mfalme ana kesi. Mbona mnamcheka?" Kweli tulikuwa tumecheka. Tulijadili kwa nusu saa, na wasichana walikuwa wakali kuliko wavulana: walisema mfalme anayeuliza watu wake kwanza ni bora kuliko anayeahidi peke yake, kwa sababu ahadi ya mtu mmoja hufa naye. Hakuna kitabu nilichosoma kilicholiweka jambo hilo wazi namna hiyo.

Lilibaki tatizo moja la kiufundi. Mwishoni mwa tamthilia kwaya ya mabinti haiimbi peke yake. Sauti nyingine zinaingia na kujibizana nao, zikiwaonya wasiidharau ndoa, na maandishi tuliyonayo hayasemi wazi ni za nani. Wasomi wengine wanasema ni wajakazi wa mabinti, wengine wanasema ni wanaume wa Argos waliopewa kazi ya kuwalinda, yaani wenyeji. Tamthilia mbili zilizofuata, ambazo zingetusaidia kuamua, zimepotea. Tulipiga kura kwa mikono. Wenyeji walishinda kwa kura tatu, na wanafunzi wanne wa Dowa wakasogea kutoka kwenye benchi la watazamaji kuja kusoma.